Msemo, Mkalimani na Mkataba: Khabari za Usagara, 1884

I

Watu waliopata kufasiri maandishi kutoka lugha moja kwenda nyingine wajua kwamba taabu kubwa haimo katika maneno magumu, bali katika maneno mepesi yaliyofungwa pamoja. Neno gumu huulizwa kwa wenyewe, au hutafutwa katika kamusi, likapatikana. Lakini maneno mepesi yakishaungana yakawa msemo, kila moja huacha maana yake ya asili, na maana mpya hukaa katika mafungu yote kwa pamoja. Mfasiri ajuaye maneno yote ya msemo huo moja moja aweza asijue msemo wenyewe, wala asitambue kwamba hajui. Katika vitabu vya zamani neno nahau lilikuwa na maana ya sarufi, kama lilivyo katika Kiarabu. Siku hizi wataalamu hulitumia kwa misemo ya namna hii. Katika makala haya nitatumia neno msemo, ili pasiwe na mashaka.

Na tuanze na mfano wa mbali. Waholanzi wana msemo wao, "met de deur in huis vallen". Ukiufuata neno kwa neno, maana yake ni kuanguka ndani ya nyumba pamoja na mlango. Mwingereza akifasiriwa hivyo atadhani kwamba pametokea ajali, au kwamba mlango ulikuwa mbovu. Maana yenyewe ni kutaja shauri lako mara tu ufikapo, bila ya utangulizi. Waingereza nao wana msemo wa kufaa hapo, nao ni kwenda moja kwa moja mpaka penye nukta. Maana imepatikana, lakini si yote. Msemo wa Kiingereza husifu: mtu aendaye penye nukta ni mtu asiyepoteza wakati wa watu. Msemo wa Kiholanzi una chembe ya kuomba radhi ndani yake, kwani mara nyingi msemaji hujitaja mwenyewe kwamba ataanguka na mlango, kana kwamba ajua kuwa adabu ilimtaka angojee kidogo. Mfasiri aliyeuleta msemo huo katika Kiingereza ameokoa habari, akapoteza adabu.

Mswahili atauonaje? Picha ya mlango yampendeza, maana kwake mlango una sheria zake: hupigwa hodi, hungojewa karibu, ndipo mtu huingia. Kwa hiyo ataelekea kusema "kuingia bila hodi". Picha imefanana sana, lakini maana imekwenda mbali; kwani aingiaye bila hodi ni mkosefu wa adabu, au mwizi, naye haombi radhi. Basi hapa pana njia mbili za kukosea: kufuata maneno na kuacha maana, na kufuata picha na kuacha heshima iliyomo.

Mfano huu hauko mbali na sisi kama uonekanavyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu kutoka Uholanzi walifanya kazi miaka mingi katika nchi ya Morogoro, na Askofu Herman van Elswijk, Mholanzi, aliliongoza jimbo la Morogoro tangu 1954 mpaka 1966. Katika miaka ya 1960 Waholanzi wengine walikuja kwa kazi ya sukari katika bonde la Kilombero. Watu hao walifikiri kwa Kiholanzi, wakaandikiana na serikali kwa Kiingereza, na kusema na watu kwa Kiswahili, na katika vijiji Kiswahili kilikutana na Kisagara, Kikaguru na Kividunda. Kuvusha msemo katika mito mitatu kwa siku moja lilikuwa jambo la kawaida.

Lakini mfano nitakaoueleza kwa urefu ni wa zamani zaidi, na hasara yake ilikuwa kubwa kuliko aibu ya kusema vibaya. Mahali penyewe ni nchi ya Usagara ya zamani, ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika wilaya ya Kilosa. Masanze imo humo, kwa upande wa Kilosa uelekeao Mikumi; na Msowero, ambako karatasi tutakayoieleza ilitiwa alama, iko kaskazini ya mji wa Kilosa. Yafaa kukumbuka kwamba katika wilaya hiyo hiyo pana mahali paitwapo Ulaya, na kwamba neno Ulaya na neno wilaya ni ndugu wa asili moja ya Kiarabu, asili yenye maana ya nchi iliyo chini ya mamlaka. Mtu wa Masanze akisema kwamba kesho aenda Ulaya na kurudi jioni, wenzake hawamshangai. Msikilizaji wa Unguja atamshangaa. Maneno ni yale yale. Kinachotofautiana ni mahali yaliposemwa.

II

Kabla ya kufika Msowero, yatupasa kulichungua jina la wageni wenyewe. Wazee wetu waliwaita Wajerumani Wadachi, na nchi yao Udachi. Jina hilo ni moja na jina walilojiita wenyewe katika lugha yao, "deutsch", na ni moja pia na jina ambalo Waingereza huwaitia Waholanzi. Zamani Waingereza hawakutenga sana: jina hilo moja lilitosha kwa watu wote wa bara wasemao lugha za jamaa ile. Baadaye likabaki kwa Waholanzi peke yao, na Wajerumani wakapewa jina jingine katika Kiingereza. Katika Kiswahili mambo yalikwenda kinyume: jina Mdachi likashikwa na Mjerumani, na Mholanzi akapata jina la nchi yake, naye Mholanzi aliyehamia Afrika ya Kusini akaitwa Kaburu, kwa neno la Kiholanzi la mkulima.

Tofauti hii yaonekana ndogo, lakini humtega mfasiri. Waingereza wana misemo mingi yenye jina hilo ndani yake, na mingi ni ya dharau. Wanazuoni wengi huihusisha na uadui wa biashara na bahari uliokuwa baina ya Waingereza na Waholanzi katika karne ya 17, wakati walipopigana vita mara tatu baina ya 1652 na 1674. Mmoja wa misemo hiyo huutaja ushujaa wa Kidachi, na maana yake ni ushujaa uliopatikana katika kinywaji. Mfasiri akiandika kwa Kiswahili "ushujaa wa Kidachi", msomaji mzee wa Kilosa hatafikiri ulevi hata kidogo. Atafikiri askari wa Kijerumani, boma, kiboko na kodi. Hapo msemo wa kucheka umegeuka kuwa habari ya kutisha, na kila neno lake limefasiriwa sawasawa! Mfasiri mwema ataliacha jina la taifa, ataandika "ushujaa wa tembo" au maneno ya namna hiyo, na hakuna atakayemlaumu.

Nimeutaja msemo huu kwa sababu nyingine vile vile. Katika safari ya Wadachi ya mwaka 1884 kinywaji kilikuwapo, nacho kilikuwa na kazi yake katika kufanya mikataba, kama tutakavyoona.

III

Mwezi wa Machi 1884 Carl Peters na wenzake waliunda huko Berlin chama cha kutafuta makoloni. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Peters alifika Unguja, pamoja na Karl Jühlke, Joachim Graf Pfeil na August Otto. Wakavuka mpaka Saadani, wakapanda bara kwa njia ya Uzigua na Nguru hata Usagara. Katika muda usiozidi majuma sita Peters alikuwa amekwisha rudi pwani na mafungu ya karatasi mkononi. Karatasi ijulikanayo zaidi ni ile ya tarehe 29 Novemba 1884, baina yake na Mangungo wa Msowero, ambayo yeye aliiandika Msovero.

Peters alieleza baadaye, katika kitabu chake juu ya kuanzishwa kwa koloni, jinsi kazi ile ilivyofanywa. Wageni walifika wakapiga kambi, wakakaribishwa. Zawadi zilitolewa, kinywaji kikali kikanywewa. Palikuwa na kuchanjiana, yaani kufanya udugu wa damu. Bendera ilipandishwa, maandishi ya mkataba yakasomwa kwa Kijerumani, hotuba fupi ikatolewa, Kaisari akashangiliwa, na bunduki zikapigwa mara tatu ili wenyeji wajue litakalowapata wakivunja ahadi.

Maneno ya karatasi yenyewe, kwa ufupi, ni haya. Mangungo, aitwaye humo Sultani wa Msovero katika Usagara, kwa niaba yake na ya watu wake wote, na Peters kwa niaba ya wenzake waliopo na watakaokuja, wafanya mkataba wa urafiki wa milele. Mangungo atoa nchi yake yote, pamoja na yote yaihusuyo, itumiwe na ukoloni wa Kijerumani peke yake. Peters akubali kuitwaa, bila ya kugusa haki za mamlaka ya juu zitakazokuwa za Mwinyi Sagara. Mangungo aiachilia nchi hiyo kwa zama zote, na haki zake zote pamoja nayo. Peters kwa upande wake aahidi kuiangalia Msovero kwa namna ya pekee wakati Usagara itakapotiwa ukoloni. Mwisho yasemwa kwamba mkataba umeelezwa wazi kwa Sultani na mkalimani Ramazan, kwamba umetiwa sahihi kwa kufuata desturi zilizo halali Usagara, na kwamba Sultani alipoulizwa alijibu kwamba yeye hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar, wala hakujua hata kwamba yupo.

Karatasi hiyo iliandikwa kwa Kijerumani. Maneno ya Kiswahili aliyoyasema Ramazan hayamo ndani yake. Limo tu lile tamko kwamba alieleza wazi. Tukumbuke zana zilizokuwapo siku zile. Kitabu cha Askofu Steere cha kufundishia Kiswahili kilitoka 1870, na kamusi ya Krapf 1882, vyote viwili kwa Kiingereza. Kitabu kidogo cha Kiswahili cha Büttner kwa wasomaji wa Kijerumani kilitoka 1887, na mwaka huo huo ndipo Berlin ilipofungua chuo cha lugha za mashariki ambamo Kiswahili kilifundishwa. Sarufi ya Kikaguru ya J. T. Last, aliyekuwa mmisionari wa Mamboya, ilipigwa chapa 1886. Basi siku ile ya Novemba 1884 Peters alikuwa mgeni wa majuma machache katika Afrika ya Mashariki, na kati yake na Mangungo hapakuwa na kamusi, wala sarufi, wala mwalimu. Palikuwa na mtu mmoja, mkalimani, naye alikuwa mtumishi wa upande mmoja.

IV

Sasa tuyatazame maneno yenyewe, tuulize kila msemo una maana gani kwa aliyeuandika, na ungaliweza kuwa na maana gani kwa aliyeusikia katika Kiswahili au katika lugha ya nchi.

Wa kwanza ni urafiki wa milele. Katika mikataba ya Wazungu msemo huo ni mlango wa kuingilia. Huandikwa mwanzoni kwa desturi, kama tuandikavyo salamu kichwani mwa barua, wala hakuna atakayedaiwa kwa ajili yake. Uzito wa mkataba huwa katika vifungu vinavyofuata. Lakini huko Usagara jambo lililofanywa mbele ya macho ya watu lilikuwa ni kuchanjiana. Udugu wa kuchanjiana si salamu. Una haki na wajibu: mwenzako akija hupewa chakula na mahali pa kulala, akishambuliwa husaidiwa, na asaliti hupatwa na madhara ya kiapo. Kwa hiyo lile neno ambalo kwa mwandishi lilikuwa jepesi kuliko yote, kwa msikilizaji lilikuwa ndilo zito kuliko yote. Na alipokwisha kulisikia, yaliyobaki aliyafahamu kwa mwanga wake. Karatasi yenyewe yashuhudia hivyo, maana yasema kwamba desturi zilizo halali Usagara zilifuatwa. Kama desturi ilikuwa ni ya udugu, basi mkataba halali kwa sheria ya Usagara ulikuwa ni mkataba wa udugu.

Zaidi ya hayo, udugu ule huwashika watu waliochanjiana. Karatasi ilimtaja Peters pamoja na wenzake waliopo na watakaokuja. Na haki zilizotajwa humo zikapita kutoka chama kwenda kampuni, na tangu tarehe 1 Januari 1891 kutoka mikono ya kampuni kwenda serikali ya Kijerumani. Katika sheria ya biashara hilo ni jambo la kila siku. Katika udugu halifahamiki: hakuna mtu awezaye kumwuzia mwingine ndugu yake wa kuchanjiana.

Msemo wa pili ni kutoa nchi. Kitenzi hiki cha Kiswahili ni kipana mno. Twatoa mkono, twatoa salamu, twatoa shauri, twatoa mahari, twatoa mwiba, twatoa mahali pa kukaa. Katika mengi ya hayo mtoaji habaki mikono mitupu; aliyetoa salamu bado anayo. Mgeni akifika kijijini, mwenyeji humtolea mahali pa kujenga na pa kulima, naye mgeni huwa amepewa kwa kweli, asifukuzwe bila ya sababu. Wala hapo mwenyeji hakuuacha wenyeji wake. Neno la Kijerumani lenye maana ya kuachilia nchi lina asili ya kupiga hatua kuondoka. Mtu aliyeitoa nchi yake kwa neno hilo ameondoka juu yake. Mfasiri akiweka kutoa mahali pa neno hilo, hakusema uongo. Lakini amefungua mlango mmoja na wasikilizaji wawili wamepita wakaingia katika vyumba viwili.

Neno nchi nalo lina pande mbili. Ni ardhi ikanyagwayo na ilimwayo, na ni watu pamoja na mamlaka yao. Tukisema nchi imeingia njaa, hatusemi udongo. Karatasi ya Kijerumani ilitaka yote mawili, ardhi na mamlaka, ikayataja kwa maneno ya wanasheria. Katika Kiswahili neno moja lingaliweza kuyabeba yote, na msikilizaji asijue kwamba amebebeshwa mawili.

Wa tatu ni mwenye. Nafikiri hapa ndipo penye shina la mambo. Wazungu waliposikia mtu akiitwa mwenye nchi, au mwinyi, waliandika katika lugha zao neno la mmiliki au la bwana mkubwa. Lakini katika Kiswahili -enye haitaji umiliki wa namna moja. Mwenye nyumba, mwenye watoto, mwenye njaa, mwenye busara, mwenye ugonjwa: katika yote hayo -enye yasema tu kwamba mtu na kitu wako pamoja, na namna ya kuwa pamoja hujulikana kwa desturi. Mwenye nyumba aweza kuiuza. Mwenye watoto hawezi. Mwenye nchi yuko karibu na yupi kati ya hawa wawili?

Kwa watu wa Usagara na jirani zao jibu halina fumbo. Wasagara, Wakaguru, Wavidunda na Waluguru wote huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na katika nchi hizo kila eneo lilikuwa na ukoo wake uliojulikana kuwa ndio wenye eneo. Kiongozi wa ukoo ndiye aliyeangalia matambiko, mvua na kuwapa wageni mahali. Alikuwa mwenye nchi kwa kuwa ukoo ulikuwa nayo tangu wazee, na yeye alisimama kati ya waliokufa na watakaozaliwa. Hata kama Mangungo angaliyafahamu maneno yote ya Peters kama Peters mwenyewe, asingaliweza kukitoa kitu kilichotajwa, kwa sababu hakuwa nacho kwa namna iliyotajwa. Kosa la tafsiri hapa halikuanza kinywani mwa mkalimani. Lilianza pale mwandishi alipodhani kwamba kila -enye aweza kuuza.

Wa nne ni neno Sultani. Karatasi yamwita Mangungo Sultani, na mtawala wa Unguja vile vile Sultani. Lakini Kiswahili cha misafara ya siku zile kilitumia neno hilo kwa viongozi wa bara, hata wale wa vijiji vichache, na mtawala wa Unguja watu walimwita Seyyid. Yatupasa basi kulipima upya lile jibu linalosemwa kuwa Mangungo alilitoa, kwamba hajui hata kuwapo kwa Sultani wa Zanzibar. Njia ya misafara kutoka pwani kwenda Mpwapwa na Tabora ilikata nchi ya Usagara. Burton na Speke walipita nchi hiyo 1857, Stanley akapita 1871, na wapagazi wa pwani walipita kila mwaka na nguo, shanga, bunduki na khabari. Mtu aliyeishi kando ya njia hiyo bila ya kusikia habari za Seyyid Barghash angekuwa ni ajabu kubwa. Ama swali lilifasiriwa kwa neno asilolitambua, ama jibu liliandikwa kama mwandishi alivyolitaka. Kwa vyo vyote kifungu hicho hakikuandikwa kwa ajili ya Msowero. Kiliandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Berlin, ambako mkutano wa mataifa juu ya Afrika ulikuwa umefunguliwa tarehe 15 Novemba mwaka ule.

Wasomaji hao walikisoma. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya mkutano kufungwa, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitia sahihi hati ya ulinzi juu ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Seyyid Barghash alipeleka malalamiko. Mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya Unguja, naye akakubali. Tarehe 26 Novemba 1895 amri ilitolewa kwamba ardhi yote isiyothibitishwa kuwa na mwenyewe ni mali ya serikali. Na hapo neno mwenyewe lilihukumiwa kwa sheria ya Kijerumani, si kwa -enye ya Kiswahili. Ndipo mashamba makubwa ya mkonge yalipopata nafasi katika bonde la Kilosa na Kimamba, hasa baada ya reli ya kati kufika.

V

Mangungo mwenyewe amegeuka kuwa msemo. Katika mazungumzo ya siasa ya Tanzania, kila shaka inapotokea juu ya mkataba na wageni, wa madini au wa ardhi au wa bandari, jina lake hutajwa. Mkataba wa Mangungo ni mkataba aliotia sahihi mtu asiyeujua. Nakiri kwamba msemo huo una faida yake, kwa kuwa waonya. Lakini kwa mwanahistoria una kasoro: waitia lawama yote katika ujinga wa msikilizaji. Tumekwisha kuona kwamba Mangungo alifanya tendo lililofahamika kabisa katika nchi yake, kwa desturi zilizo halali, na karatasi yenyewe yashuhudia. Aliyekuwa hajui maana ya tendo lile ni Peters. Au alijua, akaona kwamba hakuna haja ya kulitia katika maandishi. Kama ni ujinga, ulikuwako pande zote mbili. Tofauti ni kwamba ujinga wa upande mmoja ulikuwa na manowari nyuma yake.

Haya yasingalistahili kurasa nyingi kama yangalikuwa ni ya 1884 tu. Lakini tazama sheria tulizo nazo. Mwaka 1999 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ardhi, namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5, nazo zikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Kwa sheria hizo ardhi yote ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini wa raia wote. Apewacho mwananchi katika maandishi ya Kiingereza ni haki ya kuikalia na kuitumia ardhi. Katika Kiswahili haki hiyo imepewa jina la hakimiliki, na ile ya kijijini huitwa hakimiliki ya kimila. Na cheti chake watu hukiita hatimiliki. Msemo wa Kiingereza wataja kukaa. Msemo wa Kiswahili wataja kumiliki. Mkulima wa Masanze aliyepewa cheti na kuelezwa kwamba sasa amemilikishwa, na afisa aliyefunzwa kwa maandishi ya Kiingereza, waweza kusimama juu ya shamba moja wakiwa na fikra mbili. Siku ya amani tofauti hiyo haionekani. Huonekana siku mkulima na mfugaji wanapogombea bonde moja, na Kilosa yajua uchungu wa siku kama hizo. Au siku mwekezaji anapoletwa, na swali likaulizwa nani mwenye nchi.

Sisemi kwamba neno hakimiliki ni baya. Yamkini lina ulinzi ndani yake ambao neno la Kiingereza halina, maana lampa mkulima moyo wa kudai. Nasema kwamba ni uamuzi, wala si tafsiri tupu, na kwamba uamuzi wapasa kujulikana kuwa ni uamuzi. Jambo hili lina haraka, kwa kuwa mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza tangu wakati wa Waingereza zapasa kufasiriwa. Katika kazi hiyo misemo ya wanasheria itakuwa mingi kuliko maneno magumu, na wafasiri watakaa pale pale alipokaa Ramazan, ijapokuwa wana kamusi nyingi mezani.

Kwa sababu hiyo napendekeza mambo matatu kwa watengenezaji wa kamusi na wafasiri. La kwanza, msemo uingizwe katika kamusi kwa habari ya matumizi yake: nani humwambia nani, katika shughuli gani, na nini humpasa mtu baada ya kuusema. Kamusi iliyoeleza kwamba kuchanjiana ni kufanya udugu wa damu imesema kweli, lakini haikumwambia mgeni deni alilolichukua. La pili, maneno mafupi yenye kazi nyingi, kama -enye, toa, pa, weka na nchi, yachunguzwe kwa bidii ileile inayotumiwa kwa maneno ya sayansi, kwani hatari kubwa imo humo. La tatu, lugha za nchi zisiachwe nje. Neno la sheria likishavuka kutoka Kiingereza kuja Kiswahili, safari yake haijaisha. Huko Masanze na Msowero bado lapasa kuvuka tena mpaka katika fikra za watu wanaoujua ukoo kwa upande wa mama na ardhi kwa majina ya wazee wao. Mfasiri aliyesimama katika Kiswahili akadhani amefika, amesimama katikati ya mto.

Turudi kidogo kwa Waholanzi na mlango wao. Msemo wao hutaja mtu aliyekuja na shauri lake bila ya utangulizi. Peters hakuwa mtu wa namna hiyo. Yeye alipiga hodi, akakaribishwa, akanywa na wenyeji, akachanjiana nao, akafuata adabu zote za kuingia; kisha akaandika katika lugha yake kwamba nyumba ni yake. Kazi ya wanaosomea lugha ni kuhakikisha kwamba maneno yanayosemwa mlangoni na maneno yanayoandikwa ndani ni maneno yale yale, na kwamba mwenye nyumba aweza kuyasoma yote mawili.